Tafakari ya Wiki: Wenye Majina Gerezani

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Waebrania 13:3: “Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao.” Mara nyingi tunalitimiza kwa pumzi moja. Tunasema, “Ee Bwana, wakumbuke walio magerezani,” tunaitikia amina, tunahamia ombi la wagonjwa. Wiki hii nimelisoma sambamba na maisha ya mama mmoja wa Urusi, mshairi na mfasiri, Natalya Gorbanevskaya, na sijaweza kulipita haraka tena.

Alizaliwa Moscow mwaka 1936. Aliandika mashairi mafupi ambayo hayakupata nafasi kwenye vitabu vya serikali, hivyo watu wakawa wanayanakili na kupeana mkono kwa mkono. Alitafsiri pia kutoka Kipolandi, na miaka ya baadaye ndiye aliyewaletea Warusi mashairi ya Czesław Miłosz. Mwaka 1967, akiwa mtu mzima, alibatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi. Tukumbuke hiyo ilikuwa nchi ambayo mtoto alifundishwa tangu darasa la kwanza kwamba Mungu hayupo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, akiwa mjamzito na siku za kujifungua zimekaribia, aliketi kwenye taipureta akaanza kuchapa toleo la kwanza la jarida lililokuja kuitwa “Kumbukumbu ya Matukio ya Sasa”. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wake wa kwanza. Hakukuwa na kiwanda cha uchapaji. Karatasi nyembamba kadhaa ziliwekwa kaboni katikati, zikapigwa kwa nguvu ili hata nakala ya chini isomeke. Aliyepokea nakala alichapa nyingine na kuzipeleka mbele.

Humo ndani huwezi kukuta matusi kwa serikali, wala maneno makali. Unakuta jina la mtu, kifungu cha sheria alichoshtakiwa nacho, miaka aliyohukumiwa, kambi aliyopelekwa, nani amewekwa kwenye seli ya adhabu, nani amenyimwa kuonana na mkewe. Kadiri matoleo yalivyoendelea yaliingia pia majina ya Wabaptisti waliofungwa kwa ajili ya imani, ya Wakatoliki wa Lithuania, ya Watatari wa Krimea, watu waliofukuzwa kutoka nchi yao ya asili. Kosa likigunduliwa, toleo la baadaye lililitaja na kulisahihisha. Msomaji mwenye habari alielekezwa amwambie yule aliyempa jarida, naye amwambie aliyempa yeye, mpaka habari ifike; ila asijaribu kuufuatilia mnyororo wote mwenyewe, watu wasije wakamdhania ni mpelelezi.

Mimi hapo ndipo ninapoona imani yake. Tumezoea kuhesabu amri ya Kutoka 20:16, “Usimshuhudie jirani yako uongo,” kuwa ni ya kuzuia ulimi usimsingizie mtu. Mama huyu aliona kwamba jirani aliyefungwa anastahili pia ushuhuda wa kweli, ulioandikwa kwa uangalifu, jina lake lisikosewe hata herufi, kifungo chake kisiongezwe chumvi hata kwa nia njema. Dola ilikuwa inadanganya kila siku, na kulikuwa na kishawishi cha kuijibu kwa kupaza sauti. Yeye alichagua usahihi, na ninaamini aliwapenda wafungwa kwa njia hiyo kuliko wengi tuliowalilia.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 25 Agosti 1968. Siku chache kabla, majeshi ya Kisovyeti na washirika wake yalikuwa yameingia Chekoslovakia. Saa sita mchana watu wanane walikwenda Uwanja Mwekundu, Moscow, wakaketi wakakunjua mabango. Natalya alikwenda akisukuma kigari cha mwanawe wa miezi mitatu, na ndani ya kigari alikuwa ameficha bendera ndogo ya Chekoslovakia na mabango. Moja liliandikwa, “Kwa uhuru wenu na wetu.” Dakika chache tu, makachero wakawarukia. Mmoja wa wale wanane, Viktor Fainberg, alipigwa mpaka meno yakavunjika.

Yeye aliachiwa kwanza kwa sababu ya watoto. Hakunyamaza. Alikusanya kumbukumbu za tukio lile na za kesi ya wenzake, akazifanya kitabu. Desemba 1969 akakamatwa. Madaktari wa serikali wakamwandikia ugonjwa wa akili, akapelekwa hospitali maalumu ya wagonjwa wa akili huko Kazan, ambayo kwa kweli ilikuwa gereza lenye sindano. Wanawe wawili walibaki na bibi yao. Alitoka Februari 1972. Jina lake mwenyewe sasa lilikuwa limeandikwa kwenye jarida alilolianzisha, kwa maana wengine walilipokea na kuliendeleza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 1975 alihamia Ufaransa, akafanya kazi ya uhariri na tafsiri Paris. Kwa miaka mingi hakuwa raia wa nchi yoyote, mpaka Poland, ambayo washairi wake aliwatumikia, ilipompa uraia mwaka 2005. Agosti 2013, akiwa na miaka 77, alirudi Uwanja Mwekundu akasimama na wenzake wachache na bango lenye maneno yale yale. Polisi wakawakamata baadhi yao. Alifariki Paris Novemba mwaka huo huo.

Wapendwa, miongoni mwetu wapo wenye mtoto, kaka au mume gerezani, na wamenyamaza kwa aibu. Alhamisi tutakapokutana kwa maombi, naomba kila mwenye ndugu aliyefungwa aje na jina lake kamili, gereza alipo, na tarehe ya kesi kama bado ni mahabusu. Asiyependa lisomwe kwa sauti aliandike tu kwenye daftari la maombi, tutaliombea hivyo hivyo. Na anayeweza kwenda kumwona mmoja wao mwezi huu amwambie mzee wa kanisa, tupange nauli na siku.