Saa saba za masomo, saa saba na nusu za kazi: kulea watoto Leicester wakati wa korona

Tarehe 29 Juni 2020 shule za Tanzania, zilizokuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, zilifunguliwa, na watoto wa dada yangu kule Muheza wakavaa sare na kurudi darasani. Usiku wa siku hiyohiyo Waziri wa Afya wa Uingereza, Matt Hancock, alitangaza kwamba mji wetu wa Leicester utabaki chini ya masharti makali, huku miji mingine ikijiandaa kufungua migahawa na baa. Kuanzia Alhamisi tarehe 2 Julai shule za mji wetu zikafungwa tena, isipokuwa kwa watoto wa wafanyakazi wa huduma muhimu na walio katika mazingira magumu. Binti yangu, aliyekuwa darasa la awali, alikuwa amerudi mwezi mmoja tu. Kaka yake wa darasa la tatu hakuwa amerudi kabisa.

Ndugu wengi walidhani kwamba serikali ya huku inamlipa kila mtu mshahara akiwa amekaa. Mpango huo ulikuwepo kweli: mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda alilipwa asilimia 80 ya mshahara, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi, na mzazi aliyekosa mtu wa kumwachia watoto aliweza kuingizwa humo. Lakini mwenye uamuzi alikuwa mwajiri. Mimi hupokea simu za wateja wa bima ya nyumba, na mabomba ya maji hayakujua korona, yaliendelea kupasuka. Kwa hiyo kompyuta ililetwa mlangoni na kazi ikahamia meza ya jikoni. Mume wangu ni dereva wa basi, na mabasi nayo hayakusimama.

Uzito wenyewe ulionekana Januari 2021. Jumatatu tarehe 4 watoto walikwenda shule kama kawaida, na jioni Boris Johnson akatangaza kwamba shule zinafungwa kwa mara nyingine. Safari hii serikali iliweka kiwango cha masomo ya nyumbani: saa 3 kwa siku kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, na saa 4 kuanzia la tatu hadi la sita. Binti yangu sasa alikuwa la kwanza na kaka yake la nne, yaani saa 7 za masomo chini ya dari moja, na mkataba wangu wa kazi unadai saa saba na nusu. Aliyepanga kiwango hicho alijua hesabu ya mtoto, na mwajiri alijua hesabu ya mfanyakazi. Hesabu ya mtu mmoja anayebeba zote mbili haikuwa kazi ya yeyote. Mtoto wa miaka sita hawezi kufungua video, kusikiliza, kuandika, kupiga picha ukurasa na kuutuma kwa mwalimu bila mtu mzima kuketi kando yake. Asubuhi moja mteja alinieleza kwa uchungu jinsi dari ya sebule yake ilivyoanguka, na wakati huo binti yangu, chini ya meza, alikuwa akigandisha kadi za herufi kwenye soksi zangu na kuzisoma kwa sauti. Kitufe cha kuzima sauti kilifanya kazi kuliko mimi.

Nilimwandikia msimamizi wangu barua fupi, bila malalamiko, yenye pendekezo moja: mafaili niyashughulikie kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na simu nizipokee kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Mume wangu aliomba zamu ya alfajiri ili mchana awe nyumbani. Msimamizi alisita wiki nzima, kisha akakubali. Kwa mwalimu nako nilieleza kwamba tutafanya kusoma, hesabu na kuandika kidogo, na miradi ya maboksi na rangi itasubiri. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nadhani naye alikuwa na watoto wake jikoni.

Somo lililodumu kuliko yote halikutoka shuleni. Saa tano asubuhi, ambayo Muheza ni saa nane mchana majira ya baridi, mama yangu, mwalimu mstaafu, alipiga simu ya video. "Haya, mume wangu, nisomee," alimwambia mwanangu, na mwana, ambaye kwangu alikuwa mvivu wa kusoma, alikaa wima kama kaitwa na mwalimu mkuu. Alisoma Kiswahili kwa matamshi ya Leicester, bibi akimkatiza kila sentensi. Nusu saa hiyo ndiyo niliyopikia.

Kulikuwa na nafasi ya shule pia. Mzazi mmoja tu akiwa mfanyakazi wa huduma muhimu, mtoto aliruhusiwa kuhudhuria, na dereva wa basi alihesabiwa. Mwaka 2020 hatukuitumia kwa hofu ya ugonjwa. Februari 2021 tulimpeleka binti siku mbili kwa wiki. Baadhi ya Watanzania wenzetu walituona hatuna huruma. Sikuafiki, na bado siafiki: nafasi iliwekwa kwa ajili ya familia kama yetu, na woga wa kuomba kilicho haki yako ni ugonjwa wetu wa ughaibuni. Wapo waliokosa hata chakula cha shule cha bure kwa watoto wao kwa kudhani kwamba viza zao zinawazuia, ilhali tangu Aprili 2020 baadhi ya familia zisizoruhusiwa kupata misaada ya serikali zilikuwa zimefunguliwa mlango.

Shule zilifunguliwa tarehe 8 Machi 2021, na zamu yangu iliyogawanywa ilibaki hivyo hadi Pasaka. Kwa wanaoniuliza leo: tangu Aprili 2024 mfanyakazi wa Uingereza anaweza kuomba mpangilio wa saa unaomfaa tangu siku yake ya kwanza kazini, mara mbili kwa mwaka, na mwajiri anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya miezi miwili. Anaweza kukataa, ila lazima ataje sababu inayotambuliwa na sheria. Andikeni kwa maandishi, tarehe iwe juu, na nakala mbaki nayo.