Lebo ya "Imetengenezwa Kenya": jinsi nilivyoipigia hesabu

Ninashona mikoba ya ngozi na mabegi ya mgongoni ya nailoni, karakana yangu iko karibu na soko la Kariokor, Nairobi. Kwa muda mrefu bidhaa zangu zilitoka na kilebo kimoja tu chenye jina la biashara. Kisha duka moja la zawadi huko Westlands likataka mikoba kwa wingi, kwa sharti kwamba kila mmoja uwe na lebo inayosema umetengenezwa Kenya, na niambatanishe karatasi za kuthibitisha. Meneja hakunificha sababu. Aliwahi kuuziwa pochi zilizoingia na kontena, zikakatwa lebo za kigeni hapa hapa mjini na kushonewa bendera ya Kenya. Mteja mmoja akakuta kipande cha lebo ya zamani ndani ya mfuko, na maneno yakawa mengi.

Kushona lebo ni kazi ya dakika. Karatasi ndizo zilizonitoa jasho, kwa sababu kila niliyemuuliza alinielekeza mlango tofauti, na kila mlango ulikuwa sahihi kwa swali lake.

KEBS, shirika la viwango la Kenya, pale Popo Road, South C, wanashughulika na ubora. Alama yao inasema bidhaa imepimwa ikafikia kiwango, na mnunuzi anaweza kutuma namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 akahakikisha si ya kughushi. Hapa ndipo wengi hupotea: wakiona alama ya KEBS wanadhani tayari wamejua kitu kimetoka wapi. Ubora ni swali moja, uasili ni swali lingine. KEPROBA, shirika lililoanzishwa 2019 kwa kuunganisha baraza la kukuza mauzo ya nje na lile la chapa ya Kenya, ndilo linalosimamia nembo rasmi ya bidhaa zetu. Nembo hiyo huombwa. Huichukui mtandaoni ukaipeleka kwa mchapishaji. KRA, mamlaka ya mapato, hutoa vyeti vya uasili vinavyompa mnunuzi nafuu ya ushuru katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na chama cha wafanyabiashara, KNCCI, hutoa vyeti vya kawaida visivyo na nafuu hiyo.

Nyuma ya milango yote hiyo imesimama sheria. Sura ya 505 ya sheria za Kenya, inayohusu maelezo ya bidhaa, inahesabu mahali kitu kilipotengenezwa kuwa sehemu ya maelezo, na ukidanganya hapo ni kosa. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu asili ya bidhaa. Kwa hiyo lebo ni kauli ambayo unaweza kuulizwa uitetee. Nami sikuwa na asilimia yoyote niliyopewa kwamba hii ndiyo ya kuandikia lebo, nikaamua kuazima kipimo cha watu wa forodha. Wao wamezoea kuuliza maswali magumu.

Tuliweka mkoba mmoja mezani tukaufumua.

"Mama, unaharibu mkoba mzima kwa ajili ya kilebo?" fundi wangu mkuu akauliza.

"Mzee, fumua tu."

Akafumua, na kila kipande tukakiwekea risiti yake. Ngozi futi 9 za mraba kutoka kiwanda cha Limuru, shilingi 150 kila futi: 1,350. Bitana 180. Zipu ya chuma 120. Pete na bizimu 160. Uzi 30, gundi 40, rangi ya kingo 30. Ufundi 700. Kodi ya karakana, umeme na uchakavu wa mashine, tukigawa kwa kila mkoba, 250. Jumla 2,860. Vya kutoka nje vilikuwa bitana, zipu, vyuma, uzi na rangi ya kingo: 520. Hiyo ni asilimia 18.

Kijana anayepaka gundi akaingilia: "Na kama ng'ombe alitembea kutoka Ethiopia akauzwa Moyale, mkoba ni wa Kenya au wa Ethiopia?" Tulicheka, lakini swali halikuwa la kijinga. Jibu nililipata kwenye kanuni zenyewe. Ngozi mbichi ina kifungu chake cha forodha, yaani namba ya kundi lake kwenye orodha ya ushuru, 41.01, na ikishasindikwa inahamia 41.07; kule kuhama kifungu ni moja ya dalili za forodha kwamba kitu kimegeuzwa kweli. Isitoshe Ethiopia ni mwanachama wa COMESA, na malighafi yenye asili ya nchi mwanachama haihesabiwi kuwa ya kigeni kazi ya mwisho ikifanyikia nchi nyingine mwanachama. Ng'ombe wa Moyale akawa amepita.

Mkoba wa ngozi haukunisumbua tena. Begi la nailoni ndilo lililonikosesha usingizi.

Kitambaa cha begi hilo, shilingi 420, kinatoka nje. Zipu 150, kutoka nje. Mikanda na vishikizo vya plastiki 140, kutoka nje. Uzi 20, vilevile. Sponji ya mgongoni ya 80 ndiyo pekee iliyotengenezwa hapa. Ufundi 300, gharama za karakana 150. Jumla 1,260, na ndani yake 730 ni vya nje.

COMESA ina njia kadhaa za kuhukumu. Ya kwanza inauliza kama malighafi ya kigeni, kwa thamani yake ilipofika bandarini, haizidi asilimia 60 ya gharama ya malighafi yote. Begi langu: 730 kati ya 810, asilimia 90. Limeanguka vibaya. Ya pili inauliza kama thamani iliyoongezwa hapa inafikia asilimia 35 ya gharama ya kiwandani. Begi lile lile: 530 kati ya 1,260, asilimia 42. Limepita. Ya tatu ni ile ya kuhama kifungu, na kitambaa cha nailoni cha 54.07 kikishakuwa begi kinaingia 42.02. Limepita tena. Kutimiza njia moja kunatosha. Na hapo nilitumia bei za maduka ya River Road, ambazo tayari zina faida ya mwagizaji na ya muuzaji. Kwa thamani ya bandarini, fungu la kigeni lingepungua zaidi.

Kwa hiyo kwa sheria ya forodha begi la nailoni ni la Kenya. Lakini mimi nilitaka lebo ambayo mtu akiisoma na kuligeuza begi nje ndani hatajiona amechezewa. Mtu anayeona kitambaa cha kigeni kikifunika kila upande wa begi hatatulizwa na namba za vifungu.

Niseme jambo linalonikera kuhusu vipimo hivi vya gharama. Uswisi, tangu 2017, bidhaa ya kiwandani ikitaka kujiita ya Uswisi lazima angalau asilimia 60 ya gharama ya kuitengeneza iwe ya huko, pamoja na hatua muhimu ya utengenezaji. Nikilipima begi langu la nailoni kwa namna hiyo, asilimia 42 haitoshi. Sasa chukua begi hilo hilo, kitambaa hicho hicho na zipu hizo hizo, lishonwe na fundi anayelipwa mara kumi ya wangu. Ufundi unakuwa 3,000, jumla inafika 3,960, na ghafla fungu la nyumbani ni asilimia 82. Hakuna mshono ulioongezeka. Fundi wa Kariokor anashona begi zima, lakini kwa kuwa analipwa kidogo, hesabu inamwonyesha kama aliyefanya kidogo. Ndiyo maana nashukuru kwamba COMESA imeweka njia zaidi ya moja.

Kuna upande mwingine pia ambako kanuni ni kali kwa haki. Jirani yangu anapakia mchele wa Pakistan kwenye mifuko ya kilo mbili na alitamani nimsaidie kubuni lebo yenye rangi za bendera. Nikamwambia kupakia hakubadilishi asili. Kwenye chakula, nchi ya asili inahama pale tu usindikaji unapobadilisha tabia ya chakula chenyewe, na mchele ukimwagwa kutoka gunia hadi mfuko mdogo unabaki mchele wa Pakistan. Alinuna kidogo, akaandika "Umepakiwa Nairobi".

Wakati nikiwa bado kwenye mafaili hayo, mnunuzi mmoja wa Marekani aliniandikia. Alitaka mikoba bila mishikio. Mishikio angeipachika kwake, kisha ashone lebo ya kwamba mkoba umetengenezwa Marekani. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri, sitakataa. Lakini nilishasoma vya kutosha kujua kwamba Tume ya Biashara ya huko, FTC, inataka bidhaa inayojiita ya Marekani bila maelezo mengine iwe yote, au karibu yote, ya Marekani: sehemu zake na kazi yake. Kanuni yao kuhusu lebo ilianza kutumika Agosti 2021, na si ya kutishia watoto. Mwaka 2024 kampuni ya Williams-Sonoma ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 3 kwa kukiuka amri ya awali iliyohusu madai ya aina hii. Zaidi ya hapo, sheria yao ya ushuru ya 1930 inataka bidhaa ya kigeni iingie ikiwa na jina la nchi yake, kwa Kiingereza, mahali panapoonekana, na kwa namna inayodumu hadi kumfikia mnunuzi wa mwisho. Kupachika mishikio miwili hakugeuzi mkoba wa Nairobi kuwa wa Marekani. Nilimjibu kwa adabu nikimwekea masharti hayo, nikapendekeza mikoba kamili yenye jina la Kenya. Akapunguza oda, lakini akanunua.

Lebo nilizokubaliana nazo mwishowe ni hizi. Ya ngozi inasema: "Imetengenezwa Nairobi, Kenya, kwa ngozi iliyosindikwa Kenya. Zipu, vyuma na bitana kutoka nje." Ya nailoni inasema: "Imeshonwa Nairobi, Kenya, kwa kitambaa kutoka nje." Meneja wa Westlands alikuwa na wasiwasi kwamba ile sentensi ya zipu itafukuza wateja. Nikamwambia ajaribu. Wauzaji wake wanasema wageni huisoma, kisha huuliza Limuru iko wapi.

Lebo yenyewe ni ya kufumwa, inakuja kwenye roli, na tunaishona ndani ya mshono wa bitana, chini kidogo ya mfuko wa ndani, sindano ikipita kwenye bitana na ngozi kwa pamoja. Tulijaribu ya kubandika kwa pasi ikachoma bitana. Iliyo ndani ya mshono haitoki mpaka mkoba ufumuliwe, na hicho ndicho alichokitaka meneja baada ya yale yaliyompata. Nyuma yake kuna namba ya mkupuo. Namba hiyo ipo pia juu ya bahasha kabatini, na ndani ya bahasha kuna risiti za ngozi, vyuma na kitambaa cha mkupuo huo, pamoja na karatasi ya hesabu kama niliyoandika hapo juu. Muuza vyuma alikuwa hanipi risiti yenye maelezo, anaandika "vitu" tu. Sasa tumekubaliana: hakuna jina la bidhaa, hakuna malipo.

Bahasha hizo zimenifaa hata nisikotarajia. Mteja wa Kampala alipotaka mikoba michache, mzigo ulikuwa chini ya dola 2,000, na kwa mizigo midogo kama hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili. Niliulizwa kila kilichotumika na kimetoka wapi. Nikafungua bahasha.

Kuhusu mabegi ya nailoni, wazazi wanaoyanunua Januari shule zikifunguliwa hawajawahi kuniuliza habari za kitambaa. Wanavuta zipu mara mbili tatu, wanapima mkanda kwenye bega la mtoto, halafu tunaanza kuvutana kuhusu bei.