Mpwa Wetu Masai na Mpangaji wa Mwaka Mmoja

Mjomba wangu alihamia Toronto kutoka Mombasa mapema miaka ya 1990, na tangu Raptors, timu ya mpira wa kikapu ya mji huo katika ligi ya NBA, waanzishwe mwaka 1995 hana timu nyingine. Ugomvi wake na klabu hiyo mwaka 2018 ulikuwa wa kifamilia kabisa. Masai Ujiri, rais wa klabu wakati ule, baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya. Kwa hesabu ya mjomba, mtoto wa dada yetu ni mpwa wetu, na mpwa akikosea anakanywa.

Kosa lenyewe ni kumpeleka mchezaji nyota DeMar DeRozan kwenye timu ya San Antonio, Julai ile, ili ampate nyota wao Kawhi Leonard ambaye mkataba wake ulibakiza mwaka mmoja tu. "Kijana amekaa nasi miaka tisa, mji wote huu anaupenda, leo unamtoa umlete mpangaji?" Hivyo ndivyo alivyomwita Kawhi msimu mzima. Mpangaji kafunga. Mpangaji leo kapumzishwa, eti mguu.

Sasa, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2019, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza inatimiza wiki, tulialikwa kwake Scarborough, huko huko Toronto, kufuturu. Raptors walikuwa na mchezo wa saba, ule wa kuamua, dhidi ya Philadelphia 76ers, nusu fainali ya ukanda wa mashariki wa NBA. Mchezo ulianza saa moja usiku, na jua la Toronto mwezi wa Mei halina haraka: magharibi inaingia saa mbili na nusu! Kwa hiyo nusu ya kwanza yote tuliitazama na njaa zetu, sambusa na kaimati zimefunikwa mezani, na mjomba anasimulia.

Anayo mengi. Alikuwamo uwanjani SkyDome Machi 1996, timu ikiwa changa, ilipowafunga Chicago Bulls ya Michael Jordan 109 kwa 108, Bulls ile ile iliyoshinda michezo 72 msimu huo. Hiyo huisimulia akiwa amesimama. Lakini usiku ule alikaa, akasimulia ya tarehe 20 Mei 2001. Mchezo wa saba vilevile, 76ers walewale, hatua ileile. Vince Carter, nyota wa Raptors wakati ule, aliamkia kwenye mahafali ya chuo chake North Carolina, kisha akapanda ndege kwenda Philadelphia kucheza. Mtupo wa mwisho ulikuwa wake. Ulikosa, wakafungwa 88 kwa 87. Watu wanabishana mpaka leo kama mahafali yale yalimchosha. Mimi naona mpira umekosa tu, kama mipira mingi inavyokosa, lakini jambo hilo huwezi kulisema mbele ya mjomba.

Tangu siku ile ana desturi: dakika ya mwisho ikikaza, anaondoka sebuleni. LeBron James na Cleveland walipowatoa miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, mbili za mwisho bila kuwaachia hata mchezo mmoja, mjomba nusu ya maafa hayo aliyasikia kutoka chooni.

Adhana ya kwenye simu ililia robo ya tatu ikiendelea. Tukafungua kwa tende na maji, tukaswali jamaa yeye akiwa imamu, na wallahi sijapata kumsikia akisoma sura fupi namna ile. Mkaza mjomba alipotoa salamu alimtazama tu. Mjomba alikuwa keshafika kwenye televisheni, kaimati mkononi, shira inamtiririkia kifundoni.

Mpangaji alikuwa anatupa kila mpira. Mitupo 39 kwa jumla, iliyoingia 16. "Wenzake hawaoni?" mjomba alinung'unika. "DeRozan angetoa pasi." Sekunde chache zikiwa zimebaki, Kawhi akapata mitupo huru miwili, akaingiza mmoja akakosa mmoja. Hapo hapo Jimmy Butler wa 76ers akakimbia uwanja mzima na kusawazisha: 90 kwa 90. Zimebaki sekunde 4.2.

Mjomba akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Tukasikia bomba likifunguliwa.

Marc Gasol wa Raptors alirusha mpira ndani. Kawhi akaupokea, akakata kuelekea pembe ya kulia akiudunda, Joel Embiid wa 76ers na urefu wake wote akimfuata ubavu kwa ubavu. Akatupa akiwa pembeni kabisa, juu ya mikono ya Embiid, king'ora kikalia mpira ungali hewani. Ukagonga ringi ukapaa. Ukagonga tena. Ukavuka upande wa pili, ukagonga mara ya tatu, ya nne, Kawhi mwenyewe amechutama anautazama. Ukaingia.

Kelele zetu zilimtoa mjomba jikoni, povu la sabuni mpaka viwikoni. "Nani? Nani kashinda?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Mkaza mjomba alikuwa ananipiga begani kwa mwiko. Mjomba akasimama mbele ya skrini, maji yanadondoka zuliani, akayatazama marudio mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akihesabu midundo kwa kidole.

"Wa Vince nao uligonga," alisema. "Ukatoka."

Mwezi uliofuata waliwatoa Golden State Warriors na kuchukua ubingwa, na Julai mpangaji akahamia Los Angeles Clippers. Mjomba hakumlaumu hata kwa neno moja, ingawa anashikilia kwamba Masai alipaswa kumpa DeRozan pete ya ubingwa.

Usiku ule tarawehe tuliikuta imeshaanza. Baina ya rakaa, imamu alipotoa salamu, kijana mmoja wa safu yetu akainama na kumnong'oneza mjomba: "Mzee, uliuona ule mpira?"

"Kwa macho yangu," mjomba akajibu, tena msikitini, tena Ramadhani, mikono yake ikinuka sabuni ya vyombo.