Siku moja maishani mwangu: herufi za daftari la kahawa

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla ya majirani hapa Pasua. Chai, kiporo, kisha nakimbilia kambani kitambaa changu cha kuchorea. Ni marekani niliyoifua mara mbili kutoa wanga. Wanga ukibaki, rangi haiingii. Mwezi wa saba huku Moshi mlima unajifunika na nguo hukaa kambani hata siku mbili. Leo namshukuru Mungu, kimekauka.

Saa 1 asubuhi. Nachemsha kahawa nzito, lakini si ya kunywa. Mteja wangu, mzee wa Kibosho, aliileta mwenyewe kutoka kihambani kwake, shamba la nyumbani. Mkewe aliichuma kwa mkono wake msimu uliopita, na mwezi wa pili akafariki. Naipaka kwenye kitambaa, napiga pasi, napaka tena. Mkono wa kwanza wa kupaka unatoa rangi ya chai ya maziwa. Kwenye mkono wa nne ndipo koti linatokea, koti la mwanaume lililotundikwa msumarini.

Alipokuja mara ya kwanza aliniletea maneno ya kuandika kwenye picha ya kumkumbuka mkewe: mama mwema, mcha Mungu, mpenda watu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hayo tuyaache msalabani. Asubuhi ukitaka kutoka, alikuwa anakwambia nini?" Akaigeuzageuza kofia mkononi. Alikaa kimya mpaka nikaona aibu kwa kuuliza. Kisha akasema, "Funga vifungo, nje kuna baridi."

Mimi nalishika hilo kwa mikono miwili: sifa za marehemu zinafanana nyumba kwa nyumba, ila neno la asubuhi lina mwenyewe.

Saa 4. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1933, na nyumba nyingi za mgombani nilizoingia bado zina daftari la kilo za kahawa. La kwao aliliandika marehemu. Hakuna mahali alipoandika "funga vifungo". Kwa hiyo naitafuta sentensi yake herufi moja moja. F naitoa kwenye "fedha", v kwenye "viberiti", j kwenye "jembe", d kwenye "dawa ya kahawa". Mkia wa g yake unapinda kushoto na kugusa mstari wa chini, kila mara. Nanakili kwa karatasi ya kaboni, kisha napitisha brashi nyembamba yenye rangi nyeupe, herufi zikishuka kifuani mwa koti kama mshono. Herufi kubwa ya F sikuiona ukurasa wowote. Sentensi inaanza na ndogo, na sitamtungia mwandiko usio wake.

Saa 7 mchana. Makande kwa mama lishe wa jirani. Fundi fremu anasema kesho.

Mama yangu mimi hakuacha daftari. Nilicho nacho ni sauti yake kutoka chumbani kila usiku: "Umefunga mlango?" Bado sijaichora. Sijui nitaiandika kwa mwandiko wa nani.

Saa 8. Vifungo vitano. Hapa naacha kahawa na kuchukua rangi ya mafuta, ile ya kung'aa aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Nataka ving'ae, jicho lianzie hapo.

Saa 10 jioni. Mzee anashuka kwenye daladala. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Anaisogelea picha mpaka pua inakaribia kitambaa. Anaifuata g kwa kidole bila kuigusa.

"Ni mkono wake huu," anasema. Halafu anatikisa kichwa. "Lakini hakuanza hivyo. Alianza na 'we baba'. We baba, funga vifungo."

Naomba radhi. Sikuuliza alianzaje, na ningepaswa. Anasema hana haraka, atarudi Jumamosi.

Saa 1 usiku. Kwenye kola kuna nafasi ya maneno mawili. B ninayo, kwenye "mbolea". A na e zimejaa tele. W ndiyo inanisumbua. Kila w ya "kahawa" aliifupisha kwa haraka, imekuwa kama v mbili zilizogongana. Nafunua kurasa hadi karibu na jalada la nyuma, kwenye orodha ya dukani. Sabuni, chumvi, wembe. W ya "wembe" ameiandika taratibu, imesimama vizuri. Naitoa karatasi ya kaboni.