Siku moja ya karani wa kamati: kutoka orodha ya wazee hadi mhuri wa ramani

Saa 12:40 asubuhi

Kazi ya kamati ya Bunge la Uganda inayokagua hesabu za serikali za mitaa huanzia kwenye simu, kabla hata mtu hajafika chumba cha mikutano. Wilaya iliyoitwa leo ilitakiwa kuleta majibu ya maandishi siku kadhaa nyuma. Mara nyingi yanaingia usiku wa kuamkia kikao, kwa WhatsApp: faili moja la kurasa mia na ushee, zimepigwa picha kwa simu, nyingine zimelala ubavu. Usianze kusoma maelezo. Hesabu viambatisho kwanza. Jibu likisema "tazama kiambatisho E" na baada ya D inafuata F, swali la kwanza la siku umeshalipata, na chai hujaionja.

Saa 1:30

Ofisini, Parliament Avenue, Kampala. Mezani kuna marundo mawili: ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na majibu ya wilaya yaliyochapishwa. Kalenda inatoka kwenye Katiba, ibara ya 163. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, Mkaguzi Mkuu ana miezi 6 ya kuwasilisha ripoti yake, yaani hadi 31 Desemba, kisha Bunge nalo lina miezi 6 ya kuijadili na kuchukua hatua. Sasa piga hesabu: wilaya 135 ukiacha Kampala, majiji 10, na hujagusa manispaa. Ndiyo maana kamati hugawanyika vikundi na kwenda mikoani kusikiliza wilaya kadhaa kwa safari moja. Anayedhani kila shilingi huulizwa hajawahi kuliona hilo rundo.

Kila hoja ya ukaguzi inapewa ukurasa mmoja wa muhtasari kwa wabunge: kiasi, kipindi, sheria iliyovunjwa, jibu la wilaya, ushahidi ulioambatishwa, na swali. Hapo kwenye swali ndipo makarani wapya wanapokosea. Ukiandika "Kwa nini fedha hazikurejeshwa?" utapata hotuba ya dakika 15 kuhusu ukame, tauni ya kuku na barabara mbovu. Andika hivi: "Kikundi hiki kilipokea lini, kwa akaunti gani, nani waliidhinisha, na kimelipa mara ya mwisho lini?" Hilo halina hotuba. Lina tarehe na majina, au lina kimya.

Saa 2:45

Kikao kidogo cha dakika 20 na watu wa ofisi ya Mkaguzi Mkuu, wa ofisi ya Mhasibu Mkuu, na wapelelezi wa polisi wanaokaa na kamati. Tunakubaliana jambo moja tu: ni nyaraka zipi ambazo wakaguzi walizidai wilayani hawakupewa. Vocha iliyokosekana wakati wa ukaguzi halafu ikaonekana leo, karatasi nyeupe kama theluji ya Rwenzori, haipokewi mezani hivi hivi. Inakwenda kwa wakaguzi ihakikiwe kwanza. Msipokubaliana hilo mapema, mbunge mmoja ataipokea kwa huruma na hoja itafungwa mbele ya macho yenu.

Saa 4:00

Akidi ikitimia, mwenyekiti anafungua. Kamati hizi za uwajibikaji huongozwa na upinzani. Mashahidi wanaapishwa, ibara ya 90 inaipa kamati mamlaka ya Mahakama Kuu ya kuita shahidi, kumhoji kwa kiapo na kudai nyaraka. Afisa masuuli wa wilaya ni Afisa Mtawala Mkuu, ambaye kila mtu anamwita CAO. Anatambulisha timu yake: mkuu wa fedha, mhandisi, afisa maendeleo ya jamii, mpangaji miji. Mazungumzo yote ni Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005. Ukikisikia chumbani, ujue ni askari mlangoni.

Kinga ya kwanza ya CAO karibu kila mara ni ile ile: "Mheshimiwa mwenyekiti, nimehamia hapa mwezi uliopita." Ni kweli, CAO huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa na wanahamishwa sana. Lakini ofisi haihamishwi, na aliyekuwepo wakati fedha zinatumika anaitwa popote alipo. Kwa hiyo barua ya wito iende kwa wote wawili tangu mwanzo. Ukimwandikia mmoja, umepoteza siku.

Hoja ya ustawi inatangulia. YLP, mkopo wa vikundi vya vijana ulioanza mwaka wa fedha 2013/14, ulianza na kanuni nyepesi kukumbuka: kikundi cha vijana 10 hadi 15 wa umri wa miaka 18 hadi 30, fedha zinaingia akaunti ya kikundi, ukirudisha ndani ya miezi 12 hulipi nyongeza, ukichelewa unaongeza asilimia 5 kwa mwaka. Hoja ya kawaida ni kwamba fedha hazijarudi.

Hapa tofautisha mambo mawili ambayo jibu la wilaya hupenda kuyachanganya. La kwanza ni kikundi kilichofilisika kweli. Fedha ya mbegu ilifika mvua zimekwisha, nguruwe walikufa, nusu ya vijana wamekwenda Kampala kuendesha boda boda, wengine waliambiwa wakati wa kampeni kwamba ni zawadi, si mkopo. Hiyo ni hasara, na dawa yake ni afisa wa gombolola (kaunti ndogo) mwenye pikipiki na mafuta ya kuwafuata. La pili ni kikundi ambacho hakikuwahi kuwepo. Hicho utakikuta kwenye karatasi.

Tuseme faili lina vijana 12 na shilingi milioni 8. Liweke mezani ulitazame taratibu. Saini 12 za mahudhurio: je, herufi zote zimelalia kulia kwa kiasi kile kile, kalamu ikaishiwa wino kwenye jina la saba na la nane likaanza kwa rangi nyingine bila mstari kuyumba? Watu 12 hawapokezani kalamu wala mkono hivyo. Namba za vitambulisho vya taifa: ya mwanaume huanza na CM, ya mwanamke CF, ukikuta jina la kike limepewa CM, acha kidole hapo. Taarifa ya afisa aliyekwenda kuona mradi: tarehe yake iko kabla ya fedha kutumwa au baada? Na mhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ni wa kijiji kile kile kilichotajwa kwenye ombi?

Kisha zinakuja namba tatu ambazo lazima zilingane: jumla ya stakabadhi za vikundi vilivyolipa, jumla iliyoingia akaunti ya wilaya ya marejesho, na jumla iliyopelekwa akaunti ya taifa Benki Kuu. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili maana yake fedha ilipita mfukoni mwa mtu. Pengo kati ya ya pili na ya tatu maana yake wilaya imeikalia, au imeiazima kununulia mafuta. Hizo ni dhambi mbili tofauti na zina adhabu tofauti, lakini majibu ya maandishi huziita zote "changamoto za urejeshaji".

Ruzuku ya wazee, SAGE, inachukua muda mfupi zaidi, kwa sababu fedha yake haipiti wilayani. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi, zinalipwa kupitia benki ya PostBank, ambayo sasa inaitwa Pearl Bank, na mpango ulipopanuliwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21, waandikishwaji wapya walitakiwa wawe na miaka 80 na kuendelea. Kamati yetu haiulizi fedha hapo. Fedha ni swali la Katibu Mkuu wa wizara mbele ya kamati nyingine. Sisi tunauliza orodha, maana orodha inategemea afisa maendeleo ya jamii. Mzee aliyefariki aliondolewa lini? Jaja (bibi au babu) ambaye kitambulisho kinasema ana miaka 71 na mtoto wake wa kwanza ana 68, nani amempeleka kurekebisha tarehe? Wengi waliandikishwa kwa kukisia mwaka, na mashine ya benki nayo inakataa vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka 60. Jibu la "tumewashauri waende NIRA", mamlaka ya vitambulisho vya taifa, halitoshi. Ofisi iko makao makuu ya wilaya, mzee yuko mlimani, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumeza ruzuku ya mwezi.

Saa 6:15 mchana

Mipango ya ardhi. Wabunge wameanza kutazama simu, na ni kosa, kwa sababu hapa ndipo wilaya nyingi hazina kitu kabisa.

Sheria ya mipango ya mwaka 2010, iliyorekebishwa 2020, ilitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango. Si miji tu. Hata shamba la migomba la muluka wa mwisho, ngazi iliyo chini ya gombolola. Kila wilaya iwe na kamati ya mipango. Mwenyekiti wake ni nani? CAO huyo huyo aliyekaa mbele yetu. Katibu ni yule mpangaji miji wa wilaya, na miongoni mwa wajumbe yumo afisa maendeleo ya jamii, yule yule wa orodha ya wazee, pamoja na maafisa wa barabara, maji, afya, elimu na mazingira. Kwa hiyo CAO anaposema "kamati haikukaa kwa sababu ya ukosefu wa fedha", muulize kwa upole: mwenyekiti aliitisha vikao vingapi? Wajumbe karibu wote wanafanya kazi kwenye ua mmoja. Kinachokosekana ni posho.

Kabla ya kuendelea, wabunge wakumbushwe kuwa kuna ruhusa mbili. Ya kwanza ni ruhusa ya uendelezaji, inayosema kitu hiki kinaweza kukaa kwenye ardhi hii. Inatoka kamati ya mipango. Ya pili ni kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, inayosema jengo lenyewe ni salama. Inatoka kamati ya majengo. Baadaye kuna kibali cha kuingia na kulitumia. Wilaya ikikuonyesha kimoja na kusema "tumeidhinisha", uliza kipi. Ghorofa linaweza kuwa na nondo za kutosha na bado limesimama kwenye kinamasi.

Njia rahisi ya kupima ni mhuri. Chukua ramani tatu za majengo zilizoidhinishwa, chochote tu, kituo cha mafuta, hosteli, ghala. Soma tarehe ya mhuri. Fungua kitabu cha mihtasari ya kamati utafute kikao cha tarehe hiyo. Mhuri ukisema 12 na kikao kilikuwa 19, mtu aliidhinisha peke yake mezani. Kama hakuna kikao kabisa lakini stakabadhi ya ada ipo, basi wilaya imekusanya mapato kwa huduma isiyotolewa, na mkuu wa fedha ambaye alikuwa ametulia tangu asubuhi sasa anaanza kupekua karatasi.

Halafu inakuja ile hoja isiyochoka: shule na vituo vya afya juu ya ardhi isiyo na hati. Ukoo au kanisa lilitoa ardhi miaka mingi nyuma kwa neno la mdomo, waliotoa wamekufa, wajukuu wamerudi na mawe ya mipaka. Njia ya kupata hati inajulikana: makubaliano ya maandishi na waliotoa, ukaguzi wa kamati ya ardhi ya eneo, maoni ya kamati ya mipango, idhini ya bodi ya ardhi ya wilaya, upimaji, kisha hati. Inakwama hatua ya tatu, kwa kamati ile ile isiyokaa. Ndiyo maana swali zuri ni "Faili la shule hii liko hatua ya ngapi, na limekaa hapo tangu lini?"

Saa 7:40

Haraka haraka. Saa 8 wabunge wanaingia ukumbi mkuu na kamati haina watu. Mwenyekiti anapitisha uamuzi hoja kwa hoja: imefungwa, ihakikiwe na wakaguzi, au maelezo yachukuliwe na wapelelezi. Uamuzi lazima utamkwe ili uingie Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Ule ulioafikiwa kwa kutikisa kichwa haupo.

Saa 9:00

Chakula cha mchana ni katogo (mchanganyiko wa ndizi za kupika) iliyopoa, na muhtasari wa kikao.

Saa 10:30

Barua tatu. Ya kwanza kwa Mkaguzi Mkuu pamoja na nyaraka za kuhakiki, kila ukurasa ukiwa na namba na saini fupi ya aliyeukabidhi. Bila hiyo, baada ya wiki mbili wilaya itasema kuna ukurasa ulipotea Kampala. Ya pili kwa CAO wa zamani, kupitia wilaya aliko sasa. Ya tatu kwa wilaya ya kesho.

Saa 11:45 jioni

Rasimu ya ripoti. Pendekezo likiandikwa "serikali iboreshe usimamizi", Waziri wa Fedha atajibu kwenye taarifa yake ya utekelezaji kwamba imeboresha. Andika afisa gani, kiasi gani, kirudishwe akaunti ipi, ndani ya siku ngapi. Kwa mipango: mihtasari ya vikao vya robo ijayo iletwe, pamoja na orodha ya mahudhurio.

Barua ya wilaya ya kesho imeshatoka: saa 4 kamili, nakala 30, viambatisho vipigwe namba. Saa 12:20 faili limeingia kwenye simu. A, B, C, E.