Siku 3 Istanbul na mama mwenye magoti mabovu: orodha ya watu ilitutesa, karatasi moja ikatuokoa

Nimerudi Istanbul na mama yangu, ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na safari ilifana jamani, bado anawapigia simu mashoga zake kuwasimulia. Ila siku ya kwanza nusura nilie barabarani, na kosa wala halikuwa la mji, lilikuwa la orodha.

Maana ukisema tu unaenda mahali, kila mtu anakuletea orodha. Mimi nililetewa moja ya sehemu 19, ya kwanza kabisa jumba la Topkapı, "muanze hapo asubuhi mapema kabla watu hawajajaa". Tulifika Jumatatu usiku, Jumanne saa 3 tupo getini, mama kavaa baibui lake jipya, na geti la ndani limefungwa. Topkapı Jumanne hawafungui. Aliyenipa orodha alienda Alhamisi, hiyo Jumanne hajawahi kukutana nayo! Mama alikuwa na hamu na sehemu hiyo kuliko zote kwa sababu ndipo vilipo vitu vya Mtume, akanishika mkono akasema si neno mwanangu, na mimi hapo ndo nikaumia zaidi.

Tukahamia foleni ya Ayasofya, ule msikiti wa kale uliokuwa kanisa, jua la utosini, foleni haisogei, mama akaniambia miguu inakufa ganzi, tukatoka. Tukaenda Msikiti wa Sultan Ahmet, ule wenye minara 6, tumefika adhuhuri inakaribia, watalii wamesimamishwa nje mpaka swala iishe. Mama akaingia na wanaoswali, hilo ndo jema pekee la siku ile. Halafu orodha inasema Galata, upande wa pili wa maji, kumbe kuufikia mnara unapanda mlima wa mawe ambao hata mimi nilihema, mama alifika nusu akakaa kwenye ngazi za duka la watu. Na hatujala. Saa 10 jioni njaa imetushika, kijana mmoja mchangamfu katuita kwenye mgahawa, menyu haina bei, meza ikajaa mikate na saladi ambazo hatukuagiza, bili ikaja nayo imejaa. Pesa ile ingetulisha siku 2 na zaidi, nisikufiche.

Usiku mama kaweka miguu kwenye beseni la maji moto, mimi nikageuza ile orodha nikaanza upya nyuma yake. Na hii ndo kazi ninayojivunia. Nilichora maji kwanza! Istanbul imekatwa na maji, kuna mji wa kale, kuna upande wa Galata, kuna upande wa Asia, sasa ukichanganya pande zote siku moja unamaliza siku kwenye tramu. Nikaandika kila sehemu kwenye upande wake, na pembeni, kabla ya kitu kingine chochote, siku inayofungwa. Topkapı Jumanne. Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, Jumapili. Msikiti wa Sultan Ahmet saa za swala, na Ijumaa asubuhi watalii wasahau. Kilichobaki baada ya hapo kilijipanga chenyewe. Zile sehemu 19 zikabaki 6, Galata nikaifuta yote, na sijutii.

Jumatano tukawa watu wa kwanza kwanza Topkapı. Hapa nina siri. Watu wakiingia wanaganda ua wa pili, jikoni na Harem, yaani makazi ya wanawake wa sultani, sisi tukapita moja kwa moja mpaka ua wa tatu kwenye vyumba vya amana takatifu, hapajajaa. Mle ndani kuna msomaji amekaa anasoma Qurani, si kanda, mtu kabisa. Mama alisimama pale nadhani nusu saa, shungi limelowa machozi, wala sikumwambia twende. Ukiniuliza nilifanya nini cha maana mwaka huu nitakutajia nusu saa ile. Baadaye jua lilipokuwa kali tukashuka Yerebatan, lile birika la chini ya ardhi la karne ya 6, nguzo 336, baridi tamu. Ayasofya watalii wanalipa na kupanda juu, ilikuwa yuro 25, mama akasema kwake Topkapı imetosha.

Alhamisi ndo siku niliyoipanga kwa ajili ya magoti. Msikiti wa Süleymaniye upo juu ya kilima, na wengi wanaupanda kutokea Eminönü, kwenye gati za feri kule chini, wanafika wamechoka. Sisi tukapanda tramu ya T1 mpaka Beyazıt, ambako tayari ni juu, tukatembea polepole mpaka msikitini bila kupanda kitu cha kutisha. Msikiti huu aliujenga Sinan, 1550 mpaka 1557, na ukizunguka nyuma kwenye bustani unaona maji yote kule chini. Mbele ya msikiti kuna safu ya migahawa midogo wanauza kuru fasulye, yaani maharage meupe ya mchuzi wa nyanya, na wali. Mama akacheka, "yaani nimepanda ndege kuja kula wali maharage?" Akala sahani, akaomba nyingine. Yale maharage yameiva mpaka yanayeyuka mdomoni lakini ngozi haijapasuka, hata sijui wanafanyaje.

Chakula pia tangu Jumatano nilikuwa sitafuti tena jina la mgahawa, natafuta lokanta, yaani migahawa ya kawaida wanayokula wafanyakazi, masinia yapo wazi unanyooshea kidole unachotaka. Ila nenda mchana, jioni masinia yanakuwa yameisha.

Tukashuka taratibu mpaka Eminönü, pale wanakuvuta mkono wakuuzie boti ya watalii. Kataa. Feri ya Kadıköy inayobeba watu wa kawaida inavuka kwenda Asia kwa kama dakika 20, unalipa kwa kadi ileile ya tramu, na kadi moja tuliitumia wawili, nagusa mara mbili. Tulikaa nje, shakwe wanafuata mikate ya simit inayorushwa na abiria, mama kashika kigilasi cha chai kwa ncha za vidole maana hakina mkono na kinaunguza. Nyuma yetu minara yote imejipanga. Akanyoosha kidole, "lile si ndo jumba la jana?" Ndo lenyewe, mama.

Ndege yetu ilikuwa usiku sana. Tukavuka, tukarudi, akaniangalia, nikagusa kadi tena. Siku ile tulivuka mara 4.