Kirusi tunachotembea nacho karibu wote, na ugonjwa wa MS

Jamani hiki kirusi cha Epstein-Barr, kile cha mate, mnabusiana au mnashea kikombe tayari, karibu kila mtu mzima duniani anacho na wengi hata hatujui tulikipata lini. Sasa 2022 watu wa Harvard wakapekua rekodi na damu zilizohifadhiwa za wanajeshi wa Marekani, zaidi ya watu milioni 10 waliotumikia ndani ya miaka 20 hivi, wakakuta ukishaambukizwa hiko kirusi hatari ya kupata MS (multiple sclerosis, kinga ya mwili inashambulia ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo) inapanda mara 32! Kilichonishawishi mimi si hiyo 32 bali kwamba kirusi kingine, sitomegalo, nacho kinaenea kwa mate, hakikuongeza hatari yoyote.

Mwaka huohuo watu wa chuo kikuu cha Stanford wakaonyesha protini moja ya kirusi inafanana na protini ya kwenye ubongo, yani askari wa kinga anampiga ndugu yake akidhani ni mwizi.

Ila msianze kuogopana mate, wengi wanacho na MS hawapati ng'o, kuna jeni, sigara na vitamini D ndogo pia. Chanjo ya hiki kirusi bado inajaribiwa.